Jibu la Posa Lilikuwa Mayotte

Nisikilizeni, ndugu zangu wa Tanga, hasa nyinyi mliokuwa mkiniuliza kwenye kundi la simu habari za posa ya Idrisa. Mnamjua, mtoto wa marehemu kaka yangu, sasa ni muuguzi hapa Arlington. Moyo wake uko Sugar Land, kando ya Houston, kwa Faiza, binti wa Kikomoro. Mimi, baba yake mdogo, ndiye niliyepaswa kwenda kumsemea. "Baba mdogo," aliniambia, "wakitukataa sijui nitafanya nini."

Arlington tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Barabara ya kwenda Houston imenyooka, malisho kushoto, malisho kulia. Idrisa alikuwa aki-drive huku mimi nafanya mazoezi ya hotuba. Tulipofika Huntsville, kwenye misonobari, akaniomba nipunguze methali.

Sugar Land tulifika jua limeshapanda. Bi Zaina, mama yake Faiza, alitupokea kwa Kiswahili alichokipata Zanzibar alikosoma. "Karibuni! Alors, mmechoka?" Mezani palikuwa na chai ya mchaichai, samaki wa nazi na mikate mirefu ya Kifaransa. Aliniona naitazama, akacheka.

"Wafaransa waliondoka, mkate ukabaki. Shuleni tulikaririshwa mito ya Ufaransa. Mto wa nyuma ya nyumba yetu kisiwani Anjouan, hakuna mwalimu aliyewahi kuutaja."

Kisha akaegemeza simu kwenye birika. Kwenye kioo alikuwa dada yake mkubwa, Bi Moina, aliyeko Mayotte. Huyo ndiye mwenye jibu.

Hapa niwaeleze polepole, maana nami nilihitaji kuelezwa. Komoro ni visiwa vinne, watu wamoja. Vitatu vilipojitawala, Mayotte ikabaki mikononi mwa Ufaransa. Baadaye ikawekwa viza. Siku ya anga safi, ukiwa Anjouan unaiona Mayotte kwa macho, lakini kuvuka ni shida. Bi Moina alivuka kumfuata mumewe, na karatasi hana. Akienda Anjouan kusalimia, hataruhusiwa kurudi kwa watoto wake.

Nikasimama, nikakohoa. "Tumekuja kumchukua binti yenu..."

"Kumchukua?" simu ikadakia. "Zaina, huyu bwana umemtoa wapi? Ampeleke wapi?"

"Arlington," nikasema. "Kwa mumewe."

Faiza, aliyekaa kando ya mama yake, akajifunika uso kwa mtandio. Methali zote zikanikimbia.

"Kwetu nyumba ni ya binti," Bi Zaina akaninong'oneza. "Mwanamume ndiye anayehamia."

"Wafaransa walituwekea viza, wakatupangia shule," Bi Moina akaendelea. "Hili la nyumba hawakuliweza. Leo aje mtu wa Tanga alivunje?" Kisha sauti yake ikashuka. "Mimi hapa naweza kutolewa siku yoyote. Lakini Anjouan mama aliniachia nyumba. Pale hakuna askari wa kunitoa. Na Faiza awe na pake."

Idrisa akainuka.

"Mama mkubwa, nitahamia mimi. Houston hospitali ni nyingi. Jumatatu nita-apply."

Bi Moina akasogeza uso karibu na kioo.

"Samaki wa miiba unakula?"

"Nakula."

"Bon. Zaina, mpe mkate mwanao."

Vigelegele vikapigwa Sugar Land na Mayotte kwa pamoja. Hotuba yangu hakuna aliyeiulizia.

Kurudi, usukani nilishika mimi, kwa sababu Idrisa alikuwa kwenye simu anatafuta kazi Houston, huku anaimba. Nami nilikuwa na furaha, ingawa nilijua kuwa siku ya harusi Bi Moina atakuwa ameegemezwa tena kwenye birika. Nilikwenda kusema, nikarudi nimejifunza kuuliza.

Basi ukitaka kuposa kwa Wakomoro, kabla hujaandika hotuba piga simu, uulize mwenye jibu yuko kisiwa gani, kisha umwambie kijana wako afungashe mizigo.