Mlima Uliomkataa Tinga

Njiti, fundi umeme, ni mwembamba kiasi kwamba upepo ukivuma hushika mlango kwanza, salamu baadaye. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye Tinga, fundi wa kuchomelea: geti la chuma linalowahemesha wanaume wawili, yeye hulitia begani huku akiuliza njia. Mtaa mzima ulimsifu Tinga kwa mapafu. Watu bwana! Mapafu ya mtu waliyaona wapi? Kifua kipana ni sanduku tu. Kilichomo hakipimwi kwa macho, hata haya yangu ambayo hayajawahi kukosea.

Wakapewa kazi kwenye mnara wa simu, juu mlimani ambako hata ndege huhesabu pumzi. Waliagizwa walale njiani ili miili izoee hewa hafifu ya juu.

"Hayo ya wagonjwa," Tinga akasema. Wakapanda mfululizo, Njiti nyuma akivutwa kama mkia.

Kesho yake asubuhi Njiti alikuwa juu ya mnara, anapiga mluzi. Tinga alikuwa chini, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, hajashika hata nyundo, na anatweta.

"Shemeji, unakimbizwa na nani?"

"Vumbi... hili... la hapa."

Vumbi gani, na ukungu umelowesha kila kitu? Njiti akashuka. Alipomkaribia, akasikia kifua cha Tinga kinachemka kama birika. Midomo imegeuka rangi ya wino. Tinga akakohoa kiganjani, akakificha kiganja, lakini Njiti alishaliona povu, lina wekundu wa damu. Mtu anazama maji nchi kavu!

"Tushuke, shemeji."

"Nishuke... nikawaambie watu nini? Shuka wewe."

Kumbeba hawezi. Kumwacha akaite watu ni kumwacha afe. Na maneno ya mkewe walipoagana yakamgonga kichwani: "Nirudishie kaka yangu." Ndipo Njiti akajibwaga chini, akashika kifua, akalia kama mbuzi.

"Nakufa mie! Nisindikize, shemeji, dada yako asiwe mjane!"

"Nilijua tu," Tinga akanong'ona, akajikongoja, akampa mkono.

Wakateremka, mzima akijifanya mgonjwa, mgonjwa akijifanya mzima. Kila walipopumzika, Njiti alitega sikio. Aliiogopa sauti ya lile birika, na zaidi aliogopa isije ikanyamaza. Karibu na zahanati ya chini ya mlima, Tinga akaanguka. Njiti akamburuta kwa makwapa hadi mlangoni, akipiga mayowe.

Nesi akaleta barakoa ya oksijeni. "Maji yamejaa mapafuni," akasema. "Mlima umemkataa. Wengine ndivyo walivyoumbwa, hata wawe na nguvu za tembo."

Tinga akaisukuma barakoa, akamwonyesha Njiti kidole: yeye kwanza, ndiye mgonjwa.

Njiti akaitia usoni, akavuta mara moja.

"Nimepona, shemeji. Zamu yako."

Tinga akakubali. Njiti akabaki ameikodolea macho ile midomo, hathubutu kupepesa, hadi ilipoanza, taratibu, kurudi rangi ya mtu.