Kidole cha Mkunga wa Wamaza

Mkunga wa Wamaza hupasha viganja joto kabla ya kugusa tumbo la mtu. Huinama na kutega sikio kwenye pembe yake ya mbao aliyoiweka tumboni, na kidole chake hugonga ukingo wa kitanda kikifuata moyo wa mtoto. Chadia, anayejifungua, amekitazama kidole hicho tangu asubuhi, na sasa kila uchungu ukipita kinagonga polepole zaidi.

Mlangoni mamamkwe anafoka, “Taja mwanaume mwingine uliyelala naye, mutoto azaliwe!”

Mkunga hapandishi sauti, hata kwa anayestahili. “Mama, inama usikilize.”

Mamamkwe anaingia, anainama kwenye pembe, anasikiliza, uso unambadilika. Anatoka mbio, kikwembe kikimfunguka. “Pikipiki! Ya kwenda hospitali Kabambare! Mutoto wetu anachoka!”