Samli Siku ya Ubatizo

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilifundisha darasa la ubatizo katika kanisa dogo la mabati karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima, na sikupenda wakariri neno wasilojua lilikotoka. Neno Injili, niliwaeleza, lilianza kwa Wagiriki, likapitia kwa Waarabu, ndipo likatufikia likiwa bado na maana ileile: habari njema. Kristo nalo ni la Kigiriki, sawa na Masihi la Kiebrania: aliyepakwa mafuta, kama wafalme wa Israeli.

"Kwa hiyo Mkristo ni mtu wa aliyepakwa mafuta?" aliuliza mama mmoja muuza omena, dagaa wakavu wa ziwani.

"Umeshika vizuri kabisa, Mama."

Mama huyo alikuwa ameshindwa mtihani wa mchungaji mwaka uliotangulia. Mumewe, mkata miwa wa Muhoroni, alibatizwa zamani, na hakuacha kumwita "mpagani wangu". Safari hii Mama alifaulu, tena kwa wakati: Jumamosi iliyofuata binti yao angeolewa kanisani Bondo, na Mama alitaka kushiriki pamoja naye Meza ya Bwana, isiyoruhusiwa kwa asiyebatizwa. Mchungaji alitufikia mara chache sana. Asipombatiza Jumapili hiyo, basi.

Jumapili ikafika. Mama akaingia aking'aa, amejipaka samli nzito kuanzia paji la uso hadi kisogoni. Inzi wakaingia naye.

Mchungaji akachota maji kwa kiganja na kumwagia. Yakabiringika juu ya samli kama umande juu ya jani la mgomba, yakaangukia viatu vya Mama. Akachota tena. Viatu vikalowa zaidi. Kichwa kikabaki kikavu.

"Yawa! Maji yamemkataa!" mumewe akacheka kutoka nyuma.

"Nyamaza, Baba," Mama akajibu bila kufumbua macho. "Wewe ulibatizwa na masizi ya kuchoma miwa kichwani. Nani alilalamika?"

Mzee mmoja wa kanisa akasema maji lazima yaguse ngozi. Mwenzake akasema yamegusa. "Yamegusa viatu," akajibiwa. "Basi tuvipe viatu jina."

"Mama, samli ya nini?" mchungaji akauliza.

"Mwalimu alisema wafalme walipakwa. Ningefikaje kwa Mfalme nimekauka kama omena?"

Kanisa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mchungaji, usiniache hivi. Binti yangu anaolewa Jumamosi."

Nikasimama. Nikaeleza taratibu kwamba neno ubatizo asili yake ni kuchovya, kuzamisha majini. Sisi hunyunyiza, na si vibaya, lakini maji mengi hayajawahi kuwa kosa.

Mchungaji akaagiza ndoo ya maji. "Inama, Mama." Akaimwaga yote.

"Yamegusa?"

"Mpaka mgongoni, Mchungaji! Amina!"

Akipita kando yangu, kanzu ikichuruzika, mchungaji alininong'oneza: "Mwalimu, Pasaka umeshawaeleza?"

"Bado."

"Niachie mimi. Sitaki kukuta damu ya kondoo mlangoni."

Jumamosi nilikwenda Bondo. Mama alipiga magoti mbele ya Meza ya Bwana, kando ya bibi harusi, kichwa kimeoshwa vizuri kwa sabuni. Mumewe alipojibana katikati yao, alimsukuma kwa kiwiko.

"Songa, Baba. Hapa ni pangu."