Matundu Matatu Pembeni mwa Picha

Mambo ya kijinga nimeyafanya mengi, ndugu yangu, lakini hili la juma lililopita pale Morogoro mjini nimelifanya kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikiwa nimekaa kitini, nimetulia. Nilikuwa nimepeleka stesheneri picha za bibi yangu, zile za kwenye kopo la biskuti, ziskaniwe kabla unyevu haujazimaliza. Mwenye duka, mama mmoja mpole, akazigeuzageuza. "Dada, hizi nyuzi za pembeni zinainua picha, haitalala kwenye kioo. Itatoka na kivuli." Nikaomba wembe. Nikazikata zote, naye akafagia.

Ngoja nikueleze nyuzi zenyewe, ili ukinihukumu unihukumu kwa haki.

Bibi alinilea huko juu, ukishapita Mkuyuni, kwenye mteremko wa Uluguru ambako masika ukungu huingia ndani bila hodi. Nguo zilinuka uvundo, chumvi ikageuka maji. Mvua zikikatika, siku ya kwanza ya jua la maana, Bibi alitoa ungo uani akaanika picha, pembeni ya mkeka wa pilipili manga. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Wale kuku hawakuwa na adabu. Jogoo mmoja alimdonoa mjomba puani, na tundu lipo kwenye picha mpaka leo. Jikoni ndizi zilikuwa zikitokota kwenye nazi, harufu inakuja hadi pale nilipo, njaa inaniuma, na ruhusa ya kuondoka sina. "Ukiondoka hapo," Bibi alisema, "kuku atakula ukoo."

Bibi hakujua kusoma. Wenzake waliandikiwa majina nyuma ya picha, yeye alishona. Kwenye pembe ya chini alitoboa kitundu kwa sindano, akapitisha uzi akauzungusha ukingoni; kila mshono na kitundu chake. Mshono mmoja ni mtoto wake wa kwanza, mama mkubwa. Miwili ni mjomba. Mitatu ni kitinda mimba wake, mama yangu. Mtoto wa jicho alipomfunga macho yote mawili, hatukuacha kuanika. Alipapasa pembe kwa dole gumba, akanipa. "Shika, huyu mama yako. Jicho limechoka, kidole bado kinaona."

Mama alifariki sijaota meno, na mama mkubwa hakukaa sana nyuma yake. Kila mmoja ameacha picha moja tu. Walipigwa siku moja, studio moja, wakipokezana gauni moja la maua mbele ya pazia lile lile. Na walifanana kama ndizi za chane moja. Kwa hiyo mimi tangu utoto sikuwahi kumtafuta mama usoni. Nilihesabu nyuzi.

Basi jioni ile ya stesheneri nikakaa na binti yangu, namwonyesha picha kwenye kompyuta. Amepewa jina la mama yangu, na tangu akiwa mdogo amekuwa akimuulizia. Akaziweka zile mbili sambamba. "Mama, somo yangu ni yupi hapa?"

Nikatazama nyusi, nikatazama vidole, nikatazama viatu. Sikujua. Mama yangu mzazi yuko mbele yangu na simjui. Bibi hayupo, mjomba hayupo, hakuna wa kupigiwa simu. Nililia mbele ya mtoto, wala sikuona haya.

Nilipotulia nikalivuta kopo, nikatoa picha zenyewe, nikafumba macho kama nilivyomwona Bibi akikaa. Ya kwanza, dole gumba likakuta kitundu kimoja cha sindano. Ya pili nikapapasa polepole, kwa hofu. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Nikarudia kuhesabu, kisha nikampa binti yangu. "Shika. Huyu mama yangu."

Sasa majina yote nimeyaandika kwenye kompyuta, na nakala nimewatumia ndugu. Ni jambo jema, silibezi. Lakini nyumba ya Bibi imeshabomoka, uani nasikia wamepanda mihogo, na ule ungo sijui aliuchukua nani. Nyuzi alizozishona kwa mkono wake nimeziacha zikafagiliwa pamoja na karatasi taka. Hizo hazirudi, na jambo hilo linaniuma hata ninapokusimulia.

Juzi nikanunua sindano na uzi mweusi, nikakaa barazani kushona upya, nikipita kwenye matundu yale yale. Binti yangu akanicheka. "Mama, si zimeshaingia kwenye kompyuta?" Nikampa simu yenye picha ya somo yake, nikamwambia afumbe macho, apapase, aniambie huyo ni nani. Akapapasa kioo kwa kitambo. Kisha akaiweka simu chini, akaniomba sindano.