Unga Haukuwa Wake

Shangazi yangu Mwaija hakumsamehe Mbaruku. Mwaka sabini na nne, walipotuhamishia kijiji cha ujamaa karibu na Mkata, ni Mbaruku, mwenyekiti wetu, jirani tuliyekula naye Idi, aliyesimamia kubomolewa kwa nyumba yetu ya zamani.

Mwaka uliofuata mvua haikunyesha. Watu wa msaada kutoka Korogwe wakaleta unga wa njano, na shangazi akajitolea kuupima bila malipo. Walimpa sharti moja tu: mwenye njaa haulizwi ni nani.

Mbaruku akaja na orodha. "Hawa wamerudi kwenye mashamba ya zamani. Wasipewe." Shangazi akaipokea, akaitia mafigani, chini ya sufuria ya uji.

Wiki ya tatu Mbaruku mwenyewe akapanga foleni, kikapu mkononi, mashavu yamebonyea. Shangazi akajaza kibaba, akakisawazisha kwa kiganja kama cha kila mtu, akammiminia.

"Lishukuru lile sharti, mwenyekiti," akamwambia. "Unga ungekuwa wangu, leo ungelamba majivu ya orodha yako."