Laptop nyembamba, laptop nene na kitambaa cha mama: yaliyonikuta Nyakisasa

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo.

Kila wiki humu naona mtu anauliza anunue laptop gani, na kila wiki majibu ni RAM ngapi, processor ya kizazi kipi. Mimi nitajibu kwa kisa. Ni changu mwenyewe, sijasimuliwa, na nikiongeza chumvi mama yangu yupo, atanisuta.

Ni mwalimu, nafundisha Nyakahura, Biharamulo. Wikiendi napiga video za sherehe na kuzihariri mwenyewe. Nyumbani kwetu ni Nyakisasa, Ngara, anakoishi mama pamoja na kaka yangu Leonidas, naye mwalimu.

Nilikuwa na laptop mpya, zile nyembamba. Kampuni sitaji, msije mkaanza vita.

Sifa zake nazisema kwa haki. Nyepesi, naitia kwenye begi nasahau kama nimebeba kitu. Ukiwasha, kabla hujavuta kiti imeshawaka. Rangi kwenye kioo zinaonekana kama zilivyo, na kwa mtu wa video hilo si dogo. Umeme ukikatika, na kwetu unakatika, naendelea na kazi kama sijasikia.

Kaka yeye ana dubwana la mtumba lililotoka kwenye maofisi huko ng'ambo. Nene, zito, kioo kimepauka. Betri ilikufa zamani, ukichomoa waya limezima. Nilikuwa namwambia akiishiwa tofali za kujengea ajue pa kupata. Naye ananijibu kwamba yangu ni sahani, niangalie mtu asije akaipakulia ugali.

Basi, mdogo wetu Odilia akapata mchumba wa Songea. Tukamfanyia send off hapo nyumbani. Mpiga video ni mimi, nikajaza kadi mbili za kamera.

Ikafika saa ya nasaha, mama akasimama. Mama yangu si mtu wa kuongea mbele za watu. Hata kwenye jumuiya ya kanisani akiombwa asome somo anakataa. Siku hiyo alimshika Odilia mikono akazungumza Kihangaza, lugha ya kwetu, taratibu, mpaka MC akasahau kazi yake. Alimweleza mvua iliyonyesha siku anazaliwa, na bibi aliyempokea, na kwamba mlango wa nyumba hii kwake hautafungwa hata siku moja.

Nilirekodi huku machozi yananitoka, na sioni aibu kusema.

Odilia alipokuwa anaondoka alinivuta shati. "Kaka, mengine yote yakipotea sawa tu. Nitunzie ya mama."

Sasa udhaifu wa kwanza wa laptop yangu. Haina tundu la kadi, na kifaa cha kusomea kadi nilikisahau Nyakahura. Ikabidi tutumie tofali la kaka, ambalo lina matundu ya kila aina. Kadi ya kwanza, yenye nasaha, tuliinakili kwenye diski yake, kisha kwa flash ikaja kwangu. Ya pili haikuenea kwake, tukaipeleka moja kwa moja kwenye flash, kisha kwangu. Nikamwambia kaka afute iliyobaki kwake, diski ipumue. Flash na kadi zote nikazisafisha, maana Jumamosi nilikuwa na harusi Nyamigogo.

Asubuhi yake nikaiwekea laptop kazi ya kutengeneza video nzima, kazi ya masaa, feni inavuma. Nikaiacha mezani sebuleni, tukaenda na kaka kurudisha viti na turubai parokiani.

Wa kwetu mtanielewa hapa. Sebuleni kwa mama hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa cha kufuma, televisheni ina kitambaa, makochi, meza, mpaka chupa ya chai. Anavifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, na mgeni akiingia jicho lake linatua hapo kwanza.

Wageni walikuwa bado wanakuja kutoa pongezi. Nje wanafagia uwanja, vumbi jekundu linaingia ndani. Mama akaona mashine ya mwanae iko wazi mezani, haina stara. Akachukua kitambaa chake kizuri kuliko vyote, kile cha Krismasi, akakikunja mara mbili, akaifunika vizuri. Na chini yake tayari kulikuwa na kitambaa cha meza.

Ile nyembamba feni yake ni ndogo, na hewa inavuta kwa chini. Tuliporudi ilikuwa imezima, ya moto kama pasi. Haikuwaka tena.

Fundi wa mjini aliifungua akanionesha. RAM imechomelewa kwenye bodi, na hifadhi nayo imechomelewa humo humo. Bodi ikifa, vyote vimekwenda. Hakuapa kwamba ni joto peke yake, alisema huenda na umeme unaopanda na kushuka una mkono wake. Ila video haitoki.

Mama alipouliza nilimwambia ni umeme. Kaka naye akasema ni umeme. Mama akatuangalia kwa zamu, halafu akachukua kile kitambaa cha Krismasi akaingia nacho chumbani.

Nilirudi Nyakahura sina raha. Odilia anapiga simu, sipokei, nitamwambia nini?

Nikiwa darasani ndipo likanijia wazo. Nikatoka nikampigia kaka, nikamuuliza kama alifuta ile kadi ya kwanza. Akaanza kuniuliza habari za Nyakahura, nikajua anatafuta uongo. Mwisho akasema nimsamehe, hajafuta bado, amebanwa na kusahihisha mitihani.

Wakuu, nilicheka peke yangu uwanjani mpaka wanafunzi wakachungulia dirishani. Uvivu wa kaka yangu Mungu aubariki. Kadi ya pili, yenye keki na kucheza, ilipotea moja kwa moja. Odilia mpaka leo hajauliza keki.

Nilidhani kisa kimeishia hapo.

Likizo ikafika, nikarudi Nyakisasa. Naingia sebuleni, nikasimama mlangoni. Redio iko wazi. Televisheni, makochi, chupa ya chai, vyote vimevuliwa. Ilikuwa kama nyumba ya watu wanaohama.

Kaka akaniambia pembeni kwamba mama alivitoa vyote wiki ile ile, akavifungia sandukuni. Alisema yeye hajui vitu vya siku hizi, asije akaua kingine. Hilo liliniuma kuliko laptop.

Nami nilikuwa nimeshanunua tofali langu la mtumba. Nikaliweka mezani, nikamwekea mama ile video ya nasaha. Alijitazama huku amefunika mdomo kwa kanga. Ilipoisha nikamwambia, "Mama, hii haina nguo. Nifumie."

Akajifunga kanga vizuri, akasogea mezani.

"Niwashie kwanza," akasema. "Nioneshe inapumulia wapi."

Nikawasha. Akapitisha kiganja nyuma, akapitisha pembeni, polepole, mpaka akaikuta hewa ya moto. Akapima upana kwa shubiri, akaenda kufungua sanduku. Siku naondoka kitambaa kilikuwa tayari, upande wa feni ameuacha wazi. Na redio ilikuwa imeshavaa.

Kwa hiyo unayeuliza ununue ipi: kama unatembea sana na umeme wako wa shida, nyembamba itakusaidia, ila jua ikifa imekufa na kilichomo. Nene utalibeba na utalilaani, lakini linafunguka, diski inatoka, RAM unaongeza, na likiharibika fundi ana pa kushika. Ya kwako iwe yoyote, kitu unachokipenda kiwe sehemu mbili.

Na ukiwa dukani, kabla hujauliza RAM, fanya alivyofanya mama. Iwashe, pitisha kiganja, ujue inapumulia wapi.

Wenye nyembamba njooni mzitetee, nipo nawasoma. Nikimaliza nalizima kwanza, lipoe, ndiyo nalivisha.