Mavumbi Yenye Kiti

Fundi cherehani wetu hutembea ameinamisha shingo kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Ukimsifia gauni alilokushonea, anatema uzi mdomoni, anapangusa mikono, na kwa sauti ya kuku aliyenyeshewa anasema, "Mimi ni mavumbi tu." Ibadani hukaa nyuma kabisa, mlangoni pale apitapo kila mtu, unyenyekevu wake usije ukakosa mashahidi. Siku moja akamkuta wifi yake kapakalia pale pale. Moyo ukamchemka kama uji.

"Wifi, inuka, hapo pangu!"

"Heee! Mavumbi nayo yana kiti?"

Watu wakageuka. Kicheko kikamtoka fundi mpaka akashika mlango. "Yana, wifi yangu. Tena hata huo mto uliokalia, nimeyashonea mwenyewe."